Vermentino ya Miradie

Ukiambiwa kwamba Lewisham nzima, hapa London, hakuna anayejua mvinyo kunishinda mimi, amini. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini ulimi wangu una shahada. Ila kwa Vermentino namwachia Philippe, maana yeye aliisomea kwa shida zake.

Philippe ni mtu wa Bukavu, mhudumu katika mgahawa wa Kiitaliano. Tangu tumzike mkewe anakaa peke yake juu ya saluni, na kiti cha pili amekigeuza kabati la nguo. Binti yake wa pekee, Miradie, anaishi Stratford, anauza viatu. Kumpata aje kwa baba ni kazi kuliko kumpata daktari wa meno. Akija, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, halafu anainamia simu. Ila siku moja alitamka kwamba yeye na wenzake wa dukani hupenda mvinyo mweupe wa Kiitaliano.

Basi! Philippe akapata neno la kuongea na mwanawe. Akawa anamsumbua mpishi kazini: upi mzuri, na unaliwa na nini? Akaambiwa kuna Vermentino, ya kule kisiwani Sardinia kwenye upepo wa bahari. Ina ukali wa ndimu, na mwishoni uchungu kidogo kama wa lozi. Inywewe ya baridi, kwa samaki, kome, jibini laini, mboga za majani. Mchuzi mzito wa nyama utaimeza.

"Mboga za majani?" akaniuliza. "Kwani sombe si majani ya muhogo?"

"Sombe yako inaogelea kwenye mawese, ndugu yangu. Yatamnyonga huyo Mwitaliano."

"Nitapika bila mawese."

"Mkongomani gani wewe!"

Jumapili aliyomwalika Miradie, baada ya ibada, nami nikajialika. Nikakuta sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, wamekaangwa wakauka vizuri, ndimu imekatwa, sombe imetiwa karanga kidogo, na kile kiti kimevuliwa nguo. Chupa ilikuwa inatoa jasho mezani.

"Fungua, Papa Miradie, nikuonjee kama haijaharibika."

"Mwenye chupa hajafika."

Nikairudisha glasi yangu mezani. Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, aone kizibo kikitoka, asidhani umemtilia kitu. Ukiifungulia jikoni umemtukana.

Tukangoja. Sambaza wakapoa. Ndipo simu ikalia: Miradie. Mwenzake hakufika kazini, yeye kabakizwa dukani. Samahani, Papa, labda mwezi ujao.

Philippe hakununa. "Washa video, mwanangu. Dakika moja tu."

Akaiegemeza simu kwenye sahani ya samaki, akainua chupa mbele ya uso wa binti yake, akazungusha kizibuo taratibu kama padri. Kizibo kikatoka. Miradie akacheka, kicheko cha mama yake kabisa, akauliza, tena kwa Kiswahili: "Papa, inakulwa na nini?"

Mwaka mzima sijamwona Philippe akikaa wima vile. "Samaki," akaanza, "kwa sababu ile ndimu yake..."

Mtu akamwita Miradie huko dukani. Kioo kikawa cheusi.

Philippe akaendelea kuieleza simu, akafika mpaka kwenye kome. Kisha akamimina glasi mbili. Hakuniambia kama ya pili ni yangu au ya Miradie, nami sikuuliza.