Hewa Nzito ya Chumba cha Nyuma

Kila mwanzo wa mwaka Verediane aliingia darasani na mpira wa miguu usio na upepo. Aliuweka juu ya mizani, akasoma gramu, akaujaza kwa pampu ya baiskeli mpaka ukawa mgumu kama jiwe, kisha akaupima tena. Gramu ziliongezeka. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari walitazamana, kwani hakuna aliyewahi kufikiri kwamba upepo una uzito. "Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi," aliwaambia. "Hata kile usichokiona." Somo lilipaswa kufundishwa kwa Kiingereza, lakini neno likikataa kuingia alilisukuma kwa Kinyarwanda, na likizidi kukaidi, kwa Kiswahili alichotoka nacho Kongo.

Mumewe, Onésphore, alikuwa karani wa ofisi. Nyumba yao waliijenga polepole, kwa miaka, kwenye bonde dogo la mawe meusi ya volkano, chini ya barabara inayoelekea mpakani. Kwa vile ardhi iliteremka, chumba cha nyuma cha stoo kilikuwa chini kuliko vingine, unakishukia kwa ngazi. Onésphore alikuwa mtoto mdogo familia yake ilipokimbia vita kutoka Masisi, kule Kongo. Akaja akakimbia tena kutoka Goma, akavuka mpaka. Siku alipopigilia bati la mwisho alikaa juu ya paa mpaka jua likazama, akiitwa kula hasikii.

Walikufa mijusi kwanza. Kisha kuku na vifaranga wake, wote wamelala stoo kando ya gunia la viazi, bila jeraha wala tone la damu. Verediane aliwatazama, akakumbuka. Utotoni kule Goma watu wazima waliwakataza kucheza kwenye mashimo fulani asubuhi kabla ya upepo kuvuma, wakisema mle kuna mazuku, hewa inayoua. Alifunga mshumaa kwenye kamba, akauwasha, akauteremsha stoo taratibu. Ulipofika usawa fulani mwali ulizimika ghafla, kama uliochovywa majini. Alichora mstari wa chaki ukutani na kupima kwa rula: sentimita sitini kutoka sakafuni. Asubuhi iliyofuata ilibidi achore mwingine juu zaidi.

"Ni gesi," alimwambia mumewe. "Inatoka mu mawe, huku chini. Lita moja ya hii hewa iko karibu gramu mbili. Ile tunapumua iko gramu moja na kidogo. Donc, kwa hiyo, hii inakaa chini, sawa maji mu beseni."

"Bon, tufunge mulango."

"Mulango ya mbao haifungi gesi, Baba Belise."

"We unataka nini? Tuhame?" Onésphore aliweka kikombe chini kwa nguvu. "Masisi nilitoka. Goma nilitoka. Hapa sitoki tena."

Mtoto wao, Belise, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Mama yake alimsimamisha ukutani, akampima kwa rula ileile, na alipolinganisha urefu wa mtoto na mstari mpya wa stoo, mstari ulipita kichwa chake. Mtu mzima angeweza kusimama mle akapumua vizuri, wala asihisi lolote. Mtoto angezama. Tangu hapo alitembea na hofu hiyo kutwa nzima: darasani, sokoni, jikoni. Kuhama mumewe hakutaka, na kukaa yeye hakuweza.

Asubuhi moja Onésphore alishuka kuchukua makaa, akasahau kurudisha komeo. Verediane alikuwa uani akiosha sufuria. Aliinua macho akaona mlango wa stoo u wazi.

"Belise! Baba Belise, mutoto iko wapi?"

Paka wao, ambaye Belise alipenda kumkimbiza, alikuwa kwenye ngazi ya juu. Belise alikuwa amelala chini stoo, uso kwenye sakafu.

Verediane alijua kwamba akiinama na kuvuta pumzi mle watalala wote wawili. Alijaza kifua, akafunga mdomo, akashuka, akamshika mtoto kwa gauni na kumnyanyua juu ya kichwa chake. Kifua kilimuwaka. Uani alimlaza kwenye majani, akampulizia mdomoni, akampulizia tena. Midomo ilikuwa ya bluu. Kisha Belise akakohoa, akatapika, akalia kwa sauti kubwa, na Onésphore akapiga magoti akilia pamoja naye.

Verediane alipokuwa zahanati na mtoto, mumewe alichukua mtaimbo akatoboa ukuta wa stoo, chini kabisa. Waliporudi Onésphore aliuteremsha mshumaa: uliwaka mpaka sakafuni. "Unaona? Imetoka!" alisema Onésphore. Verediane alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Halafu akauliza, imetoka imeenda wapi. Alichungulia tundu. Chini ya ukuta kulikuwa na kiwanja cha jirani yao Ngoga, na katika kona ya chini kabisa ya kiwanja hicho, chumba cha mpangaji wake Liliane, aliyelala na kichanga kwenye godoro la sakafuni.

Alikimbia bila viatu.

"Karibu mwalimu," alisema Ngoga, askari mstaafu aliyekulia Karagwe, Tanzania. "Mbona unahema hivyo?"

"Toa Liliane mu nyumba! Na mutoto! Sasa hivi!"

Ngoga hakuuliza mara ya pili. Aliusukuma mlango kwa bega. Liliane alitoka akiyumba, ameshika kichwa, mtoto kamfunga mgongoni. Mtoto alikuwa mzima.

Verediane aliporudi, Onésphore alikuwa amesimama kwenye tundu lake.

"Donc ibaki kwetu," alisema.

"Ibaki kwetu."

Onésphore alichanganya saruji mwenyewe, akaliziba tundu.

Walihama, wakapanga chumba kimoja juu, karibu na shule, kisichotosha vitanda viwili. Nyumba haiuziki. Wanunuzi huja, husifu paa na madirisha, lakini Verediane akiwaambia kilichomo huondoka. Mara ya kwanza Onésphore alifoka: "Si ungenyamaza?" "Na watoto yao?" alimjibu, na mumewe hakurudia tena swali hilo.

Kila Jumamosi Onésphore hushuka kule. Jumamosi iliyopita Verediane alimfuata. Alimkuta amefungua madirisha yote, anafagia sebule ambayo hakuna anayeikalia. Alipomaliza alifunga mlango kwa ufunguo na kujaribu kitasa, ingawa ndani hamna cha kuibwa.

"Juma ijayo nitapaka madirisha rangi," alisema.

Verediane alimshika mkono, wakaanza kupanda mlima.