Goti la Kijiji

Hadithi hii inanifanya nionekane fala, na anayeisimulia ni mimi mwenyewe, kwa hiyo cheka taratibu.

Enzi zile kijijini kwetu Kibuta kila kitu kilikuwa cha wote: shamba la wote, trekta la wote, mpaka goti langu. Nilikuwa winga. Jumapili iliyokuwa inakuja tulikuwa twende Kibaha kucheza na timu ya watu wa maofisini, na goti la kushoto likavimba kama boga kwa kukimbia pekupeku kwenye udongo mkavu.

Mganga wa zahanati akaniambia, "Pumzika. Kitambaa cha maji baridi, mguu uweke juu ya mto. Mpira usiguse."

Nisiguse? Jezi namba saba ilikuwa inalala nyumbani kwa Mwenyekiti wa kijiji. Ukikosa mechi moja tu anavaa mwingine, kwisha habari yako.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. "Ndugu zangu, goti la kijana huyu ni goti la kijiji!" Makofi. Akaligonga kwa fimbo goti langu la kulia. "Goti hili lichuliwe kwa pilipili kichaa na mafuta ya nyonyo. Wanaoafiki?"

Bibi yangu, kwa utani wake wa bibi na mjukuu, akaninong'oneza, "Mume wangu, si la kushoto?"

"Bibi, nyamaza. Jezi iko kwake."

Mikono ikanyooka yote. Na wangu.

Basi wenzangu wakalichua lile zima kila jioni, kwa bidii ya kujenga taifa. Asubuhi ya mechi wakalipaka tena, wakalifunga kitambaa.

Kule Kibaha jua likawaka, jasho likaamsha pilipili. Goti bovu limegoma, zima linaungua. Beki wao kuniona naruka mguu huu, naruka ule, akadhani ni chenga mpya, akanipisha! Mpira nikauacha hapohapo. Nikanyoosha hadi meza ya wageni rasmi, nikatumbukiza goti kwenye ndoo yao ya maji ya kunywa.

Jezi Mwenyekiti alinivua kwa mikono yake, wageni wanatazama.

Kesho yake nimejilaza, mto chini ya miguu, kitambaa cha maji baridi kila goti. Bibi akanitazama weee, akatikisa kichwa.

"Pole, mume wangu. Siku ukiumwa jicho, Mwenyekiti asijue."