Tiketi za Siku ya Posho

Simu ya korido ya hosteli ililia Jumatatu jioni. Alikuwa yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, mtoto wa mama yangu mkubwa, aliyefanya kazi katika jiko la hospitali kwenye jiji lenye uwanja mkubwa wa mpira. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa masomo Ujerumani, na muda wote huo hakuwahi kunialika popote.

"Siku ya posho iko mupira," alisema. "Nimekupatia tiketi. Kuja na kabuti, baridi ya huku inaua. Uvae muzuri. Tutakula kwangu kwanza."

"Yaya, kuko habari ya nyumbani?"

"Tutaonana siku ya posho."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu. Nilirudisha simu mahali pake nikabaki nimeishika, kwa sababu nilikuwa nimeelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba mama yangu amekufa.

Uvira, mji wetu mashariki mwa Kongo, ilikuwa mikononi mwa waasi. Simu zilikatika siku walipoingia, na mama alikuwa peke yake nyumbani, mtaa wa Nyamianda. Redio ilikuwa imesema kuna mapigano Luberizi na watu wanavuka mpaka wa Kavimvira kuingia Burundi, kisha ikahamia habari za nchi nyingine. Mama alishakimbia uasi mmoja akiwa msichana, miaka michache baada ya uhuru. Alikuwa akisema hatakimbia tena, miguu yake imechoka na mambo ya wanaume. Nilimjua: alikuwa mtu wa kufanya kama alivyosema.

Kwetu msiba hautangazwi kwa simu. Aliyefiwa huitwa kwa jambo lingine kabisa. Nilipokuwa mtoto, jirani yetu aliitwa akasaidie kuanua ndagala, wale samaki wadogo tunaowaanika ufukweni, eti mvua inakuja. Angani hapakuwa na wingu. Alipofika alikuta wanawake wengi kuliko kazi yenyewe, pamoja na mchungaji na sufuria ya chai. Hakuna aliyemwambia kitu. Alituangalia mmoja mmoja, akaanza kupiga kelele. Mume wake alikuwa amekufa kwa ajali kwenye barabara ya Bukavu.

Baadaye nilimwuliza mama kwa nini watu wazima walidanganya.

"Ulitaka aangukie njiani peke yake?"

"Lakini alijua mara tu alipoona chai."

"Basi alijulia katikati ya watu. Weye na maswali yako!"

Sikuridhika. Chuo kikuu Bukavu nilikuwa nikiwachekesha wenzangu kwa mila hiyo: ukialikwa chakula, kimbia. Sasa nilikuwa nimealikwa mimi.

Niliamua kutumia akili. Kama tiketi zipo kweli, basi mpira ni mpira. Kesho yake nilikwenda kwenye duka la mjini lililouza tiketi za mechi. Mwanamke wa dirishani alinisikiliza kwa uvumilivu, Kijerumani changu kikiwa bado kinachechemea.

"Zimeisha tangu majira ya joto," alisema. "Wanachama huchukua zote. Ukitaka msimu ujao, jiandikishe kwenye klabu kwanza, kisha usubiri."

"Mimi ni mgeni. Mgeni hawezi kupata kwa njia nyingine?"

Alicheka bila ubaya. "Baba yangu alizaliwa nyuma ya uwanja ule, naye hajapata."

Nilimshukuru nikatoka. Barabarani nilitembea haraka kama mtu anayefukuzwa. Mpishi wa hospitali, Mkongomani, angepata wapi tiketi ambayo mzaliwa wa pale ameikosa? Hakuna tiketi. Kuna chai tu.

Nilimpigia yaya. "Kama iko neno, niambie sasa."

"Neno gani? Kuja na kabuti."

Jumamosi nilipanda treni nikiwa nimevaa vizuri, kama nilivyoagizwa. Kila kituo nilifikiria kushuka. Nilijiambia kwamba nisipofika, hawataweza kuniambia, na wasiponiambia haitakuwa kweli. Ni fikra ya kitoto, lakini ilinisafirisha nusu ya njia.

Yaya alifungua mlango akanikumbatia kwa nguvu kupita kiasi. Sebuleni alikaa mchungaji wa kanisa la watu wa kwetu pale jijini, skafu ya timu shingoni. Mezani kulikuwa na ugali, ndagala na chai.

"Kula, mutoto," mchungaji alisema. "Uwanja hauna huruma na tumbo wazi."

Nilikula bila kuonja. Nilikuwa nangoja aombe, nisikie ataliombea jina la nani. Aliomba ushindi.

Kisha yaya alitoa kadi tatu mfukoni, nami nikaziona kwa macho yangu. Zilikuwa kadi za msimu mzima za wazee watatu marafiki. Mmoja alikuwa amelazwa katika hospitali ya yaya, na wenzake walikataa kwenda bila yeye. Mchungaji alikuwa akimtembelea mgonjwa yule, yaya akimpelekea supu. Mzee akawaazima zote tatu.

"Ukiulizwa langoni, weye ni nani?" yaya alinitania, akisoma jina la Kijerumani kwenye kadi yangu.

Sikucheka. Langoni jasho lilinitoka kwenye ile baridi, lakini mlinzi aliangalia kadi, hakuniangalia uso. Tukaingia. Uwanja ulikuwepo, nyasi zilikuwepo, wachezaji walikuwepo. Hoja yangu yote ilikuwa imeanguka, ila woga haukuanguka nayo. Kwa nini mchungaji yuko hapa?

Kipindi cha pili kilipoanza nilishindwa kuvumilia. "Yaya, mama iko wapi?"

Walitazamana. Mchungaji aliniwekea mkono begani.

"Mama yako ni mugonjwa kidogo," alisema. "Iko Bujumbura."

Kwetu kila marehemu huanza kwa kuwa mgonjwa kidogo. Nililia. Nililia kwa sauti, na wakati uleule goli likaingia, uwanja mzima ukasimama, na mzee wa kiti cha jirani akanikumbatia akilia naye kwa furaha.

"Mugonjwa ya kweli!" yaya alinipigia kelele sikioni. "Malaria! Muzima! Weye iko kichwa gani?"

Alinieleza huku akinitikisa. Mama alikuwa amevuka Kavimvira na majirani. Mchungaji wa Bujumbura, mwenzake huyu wetu, alikuwa amempata, na jioni ile yeye na mchungaji mwingine wangempeleka kwenye duka lenye simu. Hawakutaka kunipa tumaini mapema, maana laini ya Bujumbura hukatika, na kama ingekataa ningerudi na treni nikiwa katika hali gani?

"Na mupira?"

"Ungekaa kwangu tangu saa sita ukiangalia simu? Ungetumaliza na maswali."

Sikumwamini. Namna alivyoeleza ilikuwa nzuri mno, na maneno mazuri mno ndiyo hutolewa msibani. Mechi ilipoisha tulikwenda kwenye duka la simu karibu na kituo, wanakopigia wageni kwenda nchi za mbali. Mchungaji alipiga. Ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu mtu alijibu, nikapewa simu.

"Mama?"

Kulikuwa na upepo kwenye laini, kisha sauti yake, nyembamba, ikitetemeka.

"Nani amekufa?"

"Mama, ni minye."

"Wamenitosha kitandani, wamenileta kwa simu, wachungaji wawili wamenishika mikono. Niambie tu. Ni yaya yako?"

Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa nalia tena, na yeye alisikia ninavyolia, akaanza kupiga kelele kule Bujumbura. Yaya alininyang'anya simu.

"Mama mudogo, minye niko hapa! Hakuna mutu amekufa! Tunatoka mupira!"

Alisikiliza. Kisha akaziba simu kwa kiganja na kunigeukia, jasho usoni.

"Anasema ninadanganya," alisema. "Simama hapa. Uache kulia, useme naye."