Kidonge cha Jirani

Nilikuwa na mdomo mimi, wala sikuona haya nao. Miaka ile ya soko huria, kila mwenye sururu alikwenda kuchimba dhahabu Sekenke, na vijana wa kwetu Misigiri walirudi na redio na viatu vya mtumba. Nilikuwa nikisema waziwazi kisimani kwamba mwanamke mwenye mume mchimbaji ndiye apimwe damu, siyo sisi wake za wakulima. Mume wangu alilima alizeti na kuimba kwaya. Nesi aliponishauri nipime, nilimjibu kwamba damu yangu naijua mwenyewe.

Jirani yangu alipima. Mumewe alikuwa Sekenke. Mimba zetu zilipishana wiki chache, na tulikwenda kliniki pamoja, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Siku moja tukirudi alifungua pindo la kanga, akanipa kidonge kimoja kilichoviringishwa kwenye karatasi.

"Nitunzie, dada. Wifi yangu anapekua kila kitu mle ndani. Nesi kasema nikimeze uchungu ukianza."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza, kwa kuwa nilijiona nimeshajua. Kidonge cha kumeza uchungu ukianza si ni cha kulainisha uzazi? Kingekuwa cha nini kingine? Nikaona wivu. Uzazi wangu wa kwanza nililia siku mbili nzima, na sasa mke wa mchimbaji anapewa dawa, mimi naambulia vidonge vya kuongeza damu. Nikakiweka kwenye kopo la majani ya chai.

Uchungu ulinianza mimi kwanza, asubuhi, nikichambua mlenda. Mama mkwe akaenda kumwita mkunga. Nilibaki peke yangu na lile kopo, nikajiambia jirani atapewa kingine, hospitali vipo tele. Nikakimeza. Kabla ya adhuhuri binti yangu alikuwa ameshalia, nami nikakisifu kile kidonge moyoni.

Kesho yake jirani alikuja kunipa hongera, na uji wa mtama kwenye chupa. Nikamwambia huku nacheka, "Usiogope kuzaa, mwenzangu. Kidonge chako nimekijaribu, kizuri kweli."

Aliweka chupa chini. Akakaa sakafuni na tumbo lake lile.

"Kile hakikuwa changu," akasema polepole. "Kilikuwa cha mtoto. Mimi nina virusi, dada. Nilipewa ili nisimwambukize wakati wa kuzaa."

Sijawahi kujichukia vile, mpaka leo. Nilimuuliza kama wanatoa kingine, akasema anamwogopa nesi, maana alimwonya kisipotee. Nikamwambia kesho tunakwenda, nitasema mwenyewe. Mama mkwe alifoka kwamba mzazi wa siku tatu hatoki nje. Nilitoka.

Tulipata lori la vitunguu mpaka hospitali. Nilimweleza nesi yote, mtoto kifuani, nikingoja matusi. Hakunitukana. Alimpa jirani kidonge kingine, kisha akanigeukia.

"Na wewe, umeshapima?"

"Mume wangu anaimba kwaya," nikasema. Masikini mimi. Nyani haoni kundule.

Alinitoboa kidole. Baadaye aliponiita ndani na kufunga mlango, nilijua kabla hajasema. Akasema. Masikio yaliziba, nikawa namwona tu mdomo unavyokwenda. Nilimwona akivuta dawa ya maji kwenye bomba dogo lisilo na sindano na kumdondoshea binti yangu mdomoni. Nilichosikia ni kwamba tumewahi kwa kuwa mtoto ana siku tatu, na kwamba kile nilichokimeza pasipo ruhusa nacho kitamsaidia.

Jirani alikuwa kwenye benchi nje. Mimi mwenye mdomo sikuwa na neno. Nilimwonyesha tu mtoto, kidevu bado kina dawa, naye akaelewa. Alimpokea, akamlaza juu ya tumbo lake, tukakaa hivyo mpaka machozi yangu yakaisha.

Kisha akanyoosha mkono, ndani yake kile kidonge kipya.

"Shika," akasema. "Wifi yangu bado anapekua."

Nikakifunga kwenye pindo la kanga yangu, mafundo mawili.