Msiba Wangu Umeandikwa kwa Jina la Mchumba Wangu

Sauti ambayo haijanitoka masikioni ni ya mtu anayepuliza chai. Hakufoka, hakubamiza mlango. Nilikuwa nimemgeuzia kompyuta asome mstari mmoja tu, naye akautupia jicho, akainua kikombe, akaipuliza chai yake taratibu kama mtu ambaye hajaonyeshwa kitu. Admin, nifichie jina, ofisi na kanisa. Mengine yaache yalivyo.

Nina miaka ishirini na saba. Kwetu ni Kalenga, Iringa, ila nafanya kazi Mbeya, kwenye ofisi ndogo huku Iyunga inayotengeneza programu za kompyuta. Kwa miaka minne tumekuwa na programu ya kupokea mazao ya wakulima. Sehemu ya mizani, ile inayopima magunia na kumtolea mkulima risiti, niliiandika mimi tangu mstari wa kwanza. Mchumba wangu, nitamwita Gwakisa ingawa si jina lake, ndiye kiongozi wetu wa kazi. Barua ya posa ilipokelewa na baba mdogo kwa sababu baba yangu hayupo, na kanisani tangazo letu la ndoa lilikuwa limeshasomwa Jumapili mbili, imebaki moja.

Niwaeleze kidogo msiofanya kazi hii. Programu ina ghala lake la kumbukumbu. Kila unapobadilisha kitu, ghala linaandika nani kabadilisha, lini, na maneno mafupi uliyoyaacha mwenyewe kueleza ulichofanya. Ghala letu lilikuwa la mfumo wa zamani, na kampuni inayoinunua ofisi yetu ilitaka historia yote ihamishiwe kwenye mfumo mpya kabla ya makabidhiano. Walituambia wazi kwamba wataendelea na mtu mmoja tu kati yetu, na watamchagua kwa kuangalia historia hiyo, nani aliandika nini. Gwakisa akafanya uhamisho. Mimi nikapewa kuupima: kulinganisha ghala la zamani na jipya, kisha kusaini kwamba kilichotoka ndicho kilichofika.

Idadi ya mabadiliko ililingana. Tarehe zililingana. Hata nikamwambia amefanya kazi safi, na maneno hayo yananiuma mpaka leo. Kisha nikaanza kufungua kumbukumbu moja moja, maana ndivyo nilivyozoea kupima, nikakutana na siku ambayo siwezi kuisahau. Miaka miwili iliyopita nilikuwa Kalenga msibani, mizani ikagoma huku Mbeya wakulima wakiwa kwenye foleni, nikairekebisha nimekaa jikoni kwa mama na kanga begani. Maneno niliyoacha ni haya: "Nimesahihisha uzito wa gunia. Samahani kwa kuchelewa, tumetoka kumzika baba." Yalikuwepo yote, hadi nukta ya mwisho. Ila mwandishi wake alikuwa Gwakisa. Baba yake Gwakisa yuko Tukuyu, mzima wa afya, analima ndizi.

Mfumo wa zamani ulitujua kwa herufi mbili mbili tu, kwa hiyo anayehamisha huandaa orodha: herufi hizi ni za fulani, zile ni za fulani. Nikaifungua orodha aliyoitumia. Wenzetu wengine wote walikuwa sawa. Herufi zangu zilikuwa zimeelekezwa kwake. Nikajipa moyo kwamba mkono uliteleza, nikambebea kompyuta hadi mezani kwake.

Huo ndio mstari aliopulizia chai. Nikamwomba aurekebishe turudie, ni kazi ya nusu saa. Akasema mambo ya majina tutayaangalia baadaye. Nikasema historia ikishapokelewa haiguswi tena, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Akatabasamu.

"Sasa mama, kwani ukishaolewa utaitwa nani? Si kwa jina langu hilohilo? Mimi nimetangulia tu kukuandika."

"Baba yako umemzika lini?" nikamuuliza.

Hakuelewa. Nikamfungulia ile kumbukumbu, akaisoma polepole, na nikajua kwamba hakuwahi kusoma hata neno moja kati ya niliyoyaandika miaka yote minne. Kumbe ukimya wake juu ya kazi yangu, ambao mimi niliuita kuniamini, ulikuwa kutokuangalia.

"Basi hiyo tuifute," akasema.

Hakusema anirudishie. Alisema tuifute.

Nilipompigia mama, aliuliza kwanza kama nimepigwa, kisha kama nimemkuta na mwanamke. Nikasema hapana. Akaniuliza, "Mwanangu, majina ya kwenye kompyuta nayo ni ya kuvunjia ndoa?" Sikumsomea yale maneno ya msibani. Nilishindwa. Baba mdogo yeye alitaka kujua tu sura yake ataiweka wapi mbele ya wakwe. Nami nilibaki najiuliza ni wapi kwingine nimeshatanguliwa kuandikwa, na ningejua lini.

Najua hapa watu huleta mambo yao ili washauriwe. Mimi nawaletea nilichokwisha kufanya. Ijumaa niliurekebisha ule mstari, nikarudia uhamisho, nikaandika ripoti yenye matokeo yote mawili, na lile la kwanza nikasema limeshindwa na kwa nini. Nikaituma kwa wanunuzi, nakala nikamtumia na yeye. Hawajajibu. Huenda bado wakamchukua yeye.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa mchungaji kabla tangazo la tatu halijasomwa. Akaniuliza pingamizi limeletwa na nani, kwa kuwa ni lazima aandike kwenye daftari. Nikamtajia majina yangu matatu, la baba likiwa katikati, nikasimama pale mpaka akamaliza kuyaandika.