Jiwe Juu ya Sufuria la Mama Mkwe

Jamani, mtu aliyetoka kusoma jambo jipya la sayansi asiruhusiwe kwenda ukweni! Jumamosi nilitoka Iringa kwenda Iyunga, Mbeya, kutambulishwa nyumbani kwa mchumba wangu, Tumpe. Njiani nilisoma kwenye simu kwamba kwenye sehemu za juu kama Mbeya, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi mia. Nilifurahi nusura nikamwambie dereva!

Nilifika nimelowa mvua, meno yanagongana. Uani palinukia maharage, na kwenye jiko la mkaa kulikuwa na sufuria kubwa limefunikwa.

"Vumilia kidogo, mwanangu, bado," alisema mama mkwe.

Hapo ndipo nilipowaka. "Mama, kosa si la mkaa! Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka yakiwa hayajapata moto wa kutosha. Ndiyo maana maharage yanachelewa!"

Shangazi zake Tumpe wakaacha kuchambua mchele. Nikaona nimepata darasa. Nikachota magadi ya kulainisha maharage kwenye kopo kando ya jiko, nikainua mfuniko kidogo, nikayamwaga humo huku nimefumba macho kwa mvuke. Kisha nikaweka jiwe juu ya mfuniko ili mvuke usitoke na kupiga marufuku mtu yeyote kufunua. Tumpe alinikonyeza mara mbili. Nikajua ananionea fahari.

Mama mkwe akarudi na ndoo, sabuni na taulo jipya.

"Maharage yaliiva tangu asubuhi, mwanangu. Hayo ni maji yako ya kuoga. Haya, toa jiwe lako, ukaoge na magadi yako."