Neno Lisilokatwa Kiuno

Usiku wote nilisubiri nje ya wodi habari za binti yangu aliyepasuliwa, macho yangu yakiwa kwenye skrini ya ukutani ambayo wauguzi hutuandikia sisi ndugu wa wagonjwa. Karibu yangu alikaa fundi wa kompyuta, mtu wa vidole vinene na sauti ya kubembeleza, akiiandikia mashine ya skrini hiyo maagizo ili sentensi ndefu zisipotelee pembeni. Kila akimaliza mstari alipuliza vidole kama aliyeshika sufuria ya moto, akausoma kwa midomo tu, kisha akaiambia mashine, "Haya, shuka." Ikikataa hakukasirika, alifuta, akaanza upya.

Kulipokucha skrini ikaandika: "Binti aliyepasuliwa ameku". Ikaishia hapo. Nikajikuta nimekaa sakafuni. Fundi akageuka, akaona nilichokiona.

"Mama, usilie kwanza! Skrini imekata neno, hiyo siyo habari yenyewe," akasema, na safari hii hakupuliza vidole. "Mimi neno silikati kiuno. Likikosa nafasi juu, linashuka lote na heshima zake."

Akabonyeza. Mstari ukajikunja, na chini yake neno likatua zima: "amekunywa maji, anamwulizia mama yake." Nilitaka kumshukuru, nikaishia kuvishika vile vidole vinene na kuvipuliza mimi.

"Mama nawe! Nenda, unaitwa," akacheka, na mlango wa wodi ukafunguliwa.